Tikiti tamu likiwa chapwa, msilisingizie tango

Utasikia shambani kuhusu tikiti tamu (meloni, si tikiti maji): "Usipande tikiti tamu karibu na matango, litakosa ladha." Tango linaonewa. Tikiti tamu lina kromosomu (nyuzi za seli zinazobeba urithi) 24, tango 14, hayazaliani kamwe. Na hata chavua ya tikiti la aina nyingine ingeingia, ingebadilisha mbegu, si nyama unayokula.

Mchawi mtafuteni kwingine: maji mengi tunda linapokaribia kuiva, ubwiri (ugonjwa wa ukungu) uliomaliza majani yanayotengeneza sukari, au, kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, haraka ya kuvuna. Tikiti hili si ndizi. Halina akiba ya wanga wa kugeuka sukari baada ya kukatwa. Likivunwa bichi litalainika tu na kunukia, basi. Lenye ganda la wavuwavu lisubiri mpaka kikonyo kiachie chenyewe ukilisukuma kidogo kwa kidole.