Hatari Zilizokuwa Ndani ya Ndege za Mabomu za Vita vya Pili vya Dunia

Wengi husema wanaanga wa ndege kubwa za mabomu waliumizwa na adui tu. Si kweli. B-17 na B-24 za Marekani ziliruka futi 25,000 hivi, na wapiga bunduki wa ubavuni walisimama kwenye madirisha yaliyo wazi. Baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Aliyevua glavu ili akwamue bunduki, ngozi yake iliganda kwenye chuma. Katika mwaka wa kwanza wa mashambulizi yao kutoka Uingereza, walioumizwa na baridi walikuwa wengi kuliko waliojeruhiwa kwa silaha. Nguo za kupashwa joto kwa umeme zilisaidia, ila waya ukikatika, mguu au mkono ulibaki bila joto.

Wengine hudhani ukikosa oksijeni utahisi pumzi inabana na utajiokoa. Hapana. Ndege hizo hazikutunza hewa ndani kama za abiria za leo, hivyo walivuta oksijeni kwa barakoa, na unyevu wa pumzi uliganda kwenye bomba lake. Mtu hujisikia vizuri tu, kisha huzimia, na baada ya dakika chache amekufa. Ndiyo maana waliitana mara kwa mara kwa simu ya ndani: asiyeitika alifuatwa haraka.

Je, mafunzoni kulikuwa salama? Kikosi cha mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573, na takriban 8,000 kati yao walikufa mafunzoni na katika ajali, bila adui kuwagusa.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba mwenye parachuti alikuwa na uhakika wa kupona. Mpiga bunduki wa mkiani mwa Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, kwa kawaida aliacha parachuti yake nje ya kibanda chake kwa kukosa nafasi. Wa mbele walipitia mlango wa sakafuni wenye upana wa inchi 22, wamevaa manguo mazito, gizani, ndege ikizunguka na kuporomoka. Mlango wa Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, ulikuwa na inchi 24. Halifax zilipotunguliwa, robo ya wanaanga au zaidi walitoka hai. Kwenye Lancaster waliopona hawakufika hata mmoja kati ya kila sita. Freeman Dyson, kijana mwanahisabati aliyefanya utafiti katika kikosi hicho cha Uingereza, aliiona tofauti hiyo, na yeye na wenzake wakadai mlango upanuliwe. Ulipopanuliwa, vita vilikuwa vinakaribia kwisha.