Tusimtupie mganga lawama zote

Kila nikieleza jinsi vijana wenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo kweli, wanavyotufikia sisi wahudumu wa afya wakiwa wamechelewa, jibu huwa tayari mdomoni: "Si walianzia kwa mganga!" Ni kweli, wengi huanzia huko au kwenye maombi. Lakini Norway nako, walichelewa kwa sababu ya mganga?

Katikati ya miaka ya 1990, mkoani Rogaland, nusu ya wagonjwa wapya walikuwa wamesikia sauti au kuishi na shuku za ajabu kwa wiki 26 au zaidi bila tiba. Hospitali zipo na barabara ni nzuri. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa TIPS, wa kuwahi kuwatambua na kuwatibu wagonjwa wa saikosisi: matangazo magazetini, redioni na kwenye sinema, walimu wakafundishwa dalili, na timu maalumu ikawa inapigiwa simu na yeyote, hata rafiki wa mgonjwa, pasipo barua ya rufaa. Wiki 26 zikashuka hadi 5. Waliofika na mawazo mazito ya kujiua nao walikuwa wachache kuliko maeneo yasiyo na mradi.

Sasa turudi kwetu. Tumezoea kusubiri mtu avue nguo barabarani ndipo tuseme anaumwa, wakati miezi mingi kabla ya hapo kijana alishaacha kuoga, halali, alama zimeporomoka, na ana hakika kwamba bweni zima linamsema. Shuleni anaitwa mtoro, nyumbani anaambiwa ana kiburi. Akijulikana kuvuta bangi, ndiyo basi, kila kitu ni bangi. Bangi huongeza hatari kweli, lakini kauli ya "akiacha atatulia" imewagharimu vijana miaka ya shule ambayo dawa haziwezi kuwarudishia.

Kwa bipola, ugonjwa wa vipindi vya msisimko uliopita kiasi na vipindi vya huzuni nzito, tunachelewa zaidi: tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi mbalimbali zinatoa wastani wa takribani miaka 6 tangu dalili za kwanza hadi tiba. Mara nyingi huanza na sonona, yaani hiyo huzuni nzito. Binti anakuja zahanati analalamika kichwa, tumbo na usingizi, anapimwa malaria na taifodi, anapewa panado, anarudi nyumbani. Hapo mganga hajahusika hata kidogo, ni sisi. Na hata tukiitambua sonona, kama hatukuuliza iwapo amewahi kukaa siku kadhaa akilala kwa muda wa saa mbili tu, hachoki, anaongea bila kituo na kumwaga pesa, tunaweza kumwandikia dawa za sonona peke yake na kumpandisha juu vibaya, kwenye msisimko huo uliopita kiasi.

Kwa hiyo ningekuwa na bajeti ndogo, ningeanza na matroni, walimu wa malezi na wahudumu wa zahanati, pamoja na namba moja ya simu inayopokelewa. Na ningeomba iwe ya kudumu. Rogaland matangazo yaliposimamishwa, muda wa kukaa bila tiba ulipanda tena hadi wiki 15.