Kupanga upya kitasa cha gari la kale: maana yake

Mtu kanunua Chevrolet ya mwaka 1964. Anakabidhiwa funguo tatu: mmoja wa mlango wa dereva, mwingine wa abiria, wa tatu wa swichi ya kuwashia gari. Buti haina ufunguo kabisa. Gari hilo lilipotoka kiwandani Marekani lilikuja na funguo za aina mbili tu: wenye kichwa cha pembe nane kwa milango na swichi, na wenye kichwa cha mviringo kwa buti na kisanduku cha dashibodi. Hapo katikati kila mwenye gari alibandika kitasa alichokipata. Kuvifanya vitasa hivyo vitii tena ufunguo mmoja, bila kuvitupa, ndiko kupanga upya.

Kinachobadilika ni mpangilio wa ndani ya silinda, yaani kile kipande cha kitasa ambamo ufunguo huingia na kuzunguka. Ndani ya silinda za magari ya General Motors, kampuni inayotengeneza Chevrolet, ya wakati huo mna vibati sita vyembamba vya shaba, kila kimoja kimesukumwa na springi yake. Kila kibati kina dirisha ambamo ufunguo hupita, na pembeni kina mkato mdogo. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake huinua kila kibati kwa kiasi chake hasa, mikato yote sita ikakaa kwenye mstari mmoja. Hapo kijiti kilicholala ubavuni mwa silinda hutumbukia kwenye mikato, na silinda inakuwa huru kuzunguka. Kibati kimoja kikikosea tu, kijiti hubaki nje na kitasa hakigeuki.

Kuanzia 1935 hadi 1966 vibati hivyo vilikuwa vya vimo vinne. Kwa hesabu tupu, nafasi sita zenye vimo vinne ni mipangilio 4,096, ingawa kiwanda hakikuitumia yote. Mwaka 1967 kimo cha tano kikaongezwa. Tahadhari kwa mwenye Ford ya miaka hiyo: silinda yake ina pini tano badala ya vibati, ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo fundi huanza na ufunguo. Anasoma kina cha kila jino, anaitoa silinda, anachomoa vibati, kisha anapanga vingine vinavyolingana na meno yale. Akiingiza ufunguo, kijiti kizame mpaka kilingane na uso wa silinda, akiuchomoa, kijitokeze. Kazi yenyewe si nzito, ila springi zile ni ndogo kama uzi na zinaruka. Ifanyie juu ya kitambaa cheupe.

Kukarabati ni jambo jingine, japo huenda pamoja. Vibati hulika, springi huota kutu, vumbi hugandamana na mafuta ambayo watu humimina kila kitasa kikigoma. Kitasa kisafishwe, kisha kipewe unga wa grafaiti, kilainishi kikavu. Wapo mafundi ambao kitasa kikigoma huchomoa vibati viwili vitatu au huvisugua kwa tupa mpaka ufunguo ukageuka. Mteja anaondoka na furaha, na kitasa ambacho karibu hata bisibisi itakifungua.

Kunakili ufunguo mkuukuu nako ni mtego. Jino lililolika hunakiliwa hivyo hivyo, na nakala ya nakala huzidi kupotea. Bora kuchonga kwa namba. Funguo za kiwandani zilikuwa na kipande kidogo kichwani chenye namba ya siri, ambacho mwenye gari alikitoa akakihifadhi. Fundi akiwa na namba hiyo hupata vina vyote kwenye jedwali. Kama ufunguo umepotea tu na kitasa ni kizima, hakuna cha kupanga upya: silinda hutolewa, vibati vikasomwa, ufunguo ukachongwa.

Vitasa vikiwa vimechanganyika, ni kipi kifuatwe na vingine? Mimi nafuata swichi. Kwenye gari kama hilo la 1964, silinda ya swichi hutoka kwa ufunguo wake: unaugeuza kushoto kwenye alama ya ACC (ya kuwasha redio na vifaa bila injini), unasukuma waya ndani ya tundu dogo usoni mwa swichi, inachomoka. Ufunguo huo ukikosekana, kazi inakuwa ndefu. Silinda ya mlango hushikwa na bati la kubana tu, ukishalivuta kutoka ukingoni mwa mlango imekwisha.