Je, wajua kwa nini bangili ya dhahabu halisi inaweza kuwa bandia?

Mtu anayenunua kito cha mbunifu mashuhuri ambacho kimekwishavaliwa na mwingine hukigeuza kwanza upande wa ndani, akitafuta tarakimu ndogo zilizogongwa: 750, 925 au 950. Akiziona, hutulia. Mimi pia nilitulia hivyo kwa miaka mingi. Nilipopeleka bangili moja kwa sonara, naye akaisugua kwenye jiwe jeusi la kupimia, akadondoshea alama yake asidi na kuniambia kwamba ni dhahabu ya karati 18, niliondoka nikiwa na hakika kwamba hata jina lililochorwa kando ya tarakimu hizo lilikuwa la kweli. Halikuwa la kweli. Dhahabu ilikuwa dhahabu, lakini bangili haikutoka katika karakana iliyotajwa.

Nilikuwa nimeyachanganya maswali mawili: kito kimetengenezwa kwa kitu gani, na kimetengenezwa na nani. Tarakimu 750 husema tu kwamba kati ya sehemu 1,000 za madini hayo, 750 ni dhahabu, ndiyo dhahabu ya karati 18. 925 husema vivyo hivyo kuhusu fedha, na 950 kwa kawaida huhusu platinamu. Hakuna hata moja kati yake inayomtaja mbunifu. Sheria za zamani zililijua jambo hili vyema. Uingereza, sheria ya mwaka 1300 ya Mfalme Edward I iliagiza vyombo vya fedha vigongwe kichwa cha chui ili kuthibitisha ubora wa fedha yenyewe. Ufaransa, kichwa cha tai kimetumika tangu mwaka 1838 kuonyesha dhahabu ya karati 18, ilhali alama ya mtengenezaji hugongwa peke yake, ndani ya umbo la uru kama lile la karata. Kila alama ina swali lake, na jibu la moja haliwezi kuazimwa kujibu swali la nyingine.

Kosa hili lina upande wa pili. Vito vingi vya Chanel, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, kwa mfano, ni vya madini ya kawaida yaliyopakwa dhahabu na kupambwa kwa vioo na lulu za kuigiza, na hivyo ndivyo vilivyokusudiwa tangu mwanzo. Anayekidondoshea asidi kito cha namna hiyo atakiharibu, kisha atakihukumu kuwa bandia, ingawa ni halisi kabisa.

Je, nakala iliyotengenezwa kwa dhahabu halisi itatambuliwaje? Hapa ndipo penye jambo linalonivutia kuliko yote. Njia rahisi ya kukiigiza kito ni kukitumia chenyewe kama kielelezo. Mwigaji hukifunika kwa mpira laini, huupasha moto mpaka ugande, huukata na kukitoa kito, kisha huijaza nafasi iliyobaki kwa nta. Umbo hilo la nta huzungushiwa plasta. Plasta ikikauka huchomwa, nta huyeyuka na kutoka, na dhahabu iliyoyeyushwa humiminwa mahali pake. Kila hatua huacha alama. Mpira hunywea kidogo, nta hunywea inapopoa, na dhahabu nayo hunywea inapoganda. Kwa hiyo nakala huzaliwa ikiwa ndogo kidogo kuliko mzazi wake, na nakala ya nakala huwa ndogo zaidi. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini kipimo cha koleo kinachosoma sehemu za milimita kinaweza kuiona, mradi kuwe na kito halisi cha kulinganisha nacho.

Maandishi nayo husimulia. Fikiria unyayo uliokanyagwa kwenye udongo mbichi: kingo zake ni kali, sakafu yake ni bapa, na udongo uliosukumwa umeinuka pembeni. Sasa fikiria unyayo huohuo ukijazwa nta, nta hiyo ikatumiwa kutengeneza kalibu, na kalibu ikajazwa udongo mwingine. Umbo litabaki, lakini ukali utapotea, kama maandishi ya kwenye sabuni iliyokwisha kuoshewa mikono. Chapa iliyogongwa kwa nyundo hufanana na unyayo wa kwanza. Iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa katika kalibu, pamoja na kito hufanana na wa pili, na chini ya lenzi inayokuza mara 10 sakafu ya herufi zake mara nyingi huonyesha vishimo vidogo vilivyoachwa na gesi.

Hata hivyo, ushahidi huu una mipaka. Mtengenezaji halisi anaweza kuisubu nembo yake au kuichora kwa leza, na kito cha kweli kilichong'arishwa mara nyingi hupoteza ukali wa chapa. Mwigaji naye anaweza kusubu kito bila maandishi, kisha akagonga chapa mpya iliyo kali. Chapa hafifu, basi, ni sababu ya kuuliza zaidi, wala si hukumu. Sumaku ni dhaifu kuliko inavyosifiwa: haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba pia, na inaweza kuvuta kifungio cha mkufu halisi kwa sababu springi iliyomo ndani ni ya chuma cha pua. Nambari ya utambulisho ya kito hunakiliwa kwa urahisi uleule wa jina, hivyo ikionekana kwenye bangili mbili zinazouzwa kwa wakati mmoja, angalau moja ni ya kutiliwa shaka.

Mwaka 2004 kampuni ya vito ya Tiffany ilinunua vito vya fedha vilivyouzwa kwa jina lake kwenye eBay, soko la mtandaoni, ikavichunguza na kudai kwamba asilimia 73.1 vilikuwa bandia. Tiffany iliishtaki eBay, na katika hukumu ya mwaka 2008 jaji wa New York aliona kasoro katika namna hesabu hiyo ilivyofanywa, ingawa alikubali kwamba bandia zilikuwa nyingi. Kesi hiyo ilidhihirisha pia kwamba picha ya tangazo mara nyingi haikutosha kutoa jibu: ilibidi mjuzi akishike kito mkononi, aone uzito wake, jinsi kilivyounganishwa na jinsi upande wa nyuma, ule usioonekana kinapovaliwa, ulivyomaliziwa.