Fs, Vas na Qts: namba za kuangalia kabla ya kununua spika ndogo

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta spika ya inchi 3 ya kutengenezea kiboksi cha muziki cha mezani, namba ya kwanza utakayotajiwa ni wati. Si ajabu kukuta kispika kinachoenea kiganjani kimebandikwa stika ya wati 100. Namba hiyo iweke pembeni. Hata ikiwa ya kweli, inaeleza tu koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya spika, inavumilia umeme kiasi gani kabla haijaungua. Spika italiaje ikishafungwa ndani ya boksi, hilo utaambiwa na namba tatu nyingine, ambazo viwanda makini huziandika kwenye karatasi ya vipimo: Fs, Vas na Qts.

Kwa pamoja huitwa vipimo vya Thiele na Small. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alichapisha kazi yake mwaka 1961. Richard Small akaiendeleza katika Chuo Kikuu cha Sydney na kuchapisha makala zake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Faida yake kwa fundi wa nyumbani ni kwamba unaweza kujua besi ya boksi lako ukiwa na kalamu na kikokotoo, kabla hujakata hata ubao mmoja.

Fs ni masafa ambayo koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, huyumba kwa urahisi kuliko yote ikiwa wazi, nje ya boksi. Ni kama bembea: ina mwendo wake, na ukiisukuma kwa mwendo huo inapaa bila jasho. Chini ya hapo sauti inaporomoka. Spika nyingi za inchi 3 za bei nafuu zina Fs kati ya hezi 80 na 150.

Qts inaonyesha koni inafungwa breki kwa kiasi gani. Kazi kubwa ya breki hiyo hufanywa na sumaku ikishirikiana na koili, kwa hiyo sumaku yenye nguvu huleta Qts ndogo, na sumaku dhaifu huleta Qts kubwa. Hapa ndipo spika za bei ya chini zinapochujwa, kwa sababu sumaku ni gharama na mtengenezaji anayebana matumizi huanza kuipunguza hiyo.

Vas ndiyo inayowasumbua wengi. Ni lita za hewa ambazo, zikifungiwa nyuma ya koni, zingeisukuma irudi kwa nguvu ileile ya mpira wa pembeni na kitambaa kinachoshika koili. Spika laini ina Vas kubwa, iliyokaza ina Vas ndogo. Na hewa ya ndani ya boksi ni springi kweli: boksi likiwa dogo, springi inakaza.

Sasa hesabu ya boksi lililofungwa kabisa. Gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu hilo lizidishe kwa Fs, utapata masafa ambayo besi itaanza kushuka. Lizidishe kwa Qts, utapata Q ya spika ikiwa ndani ya boksi, yaani kipimo kilekile cha breki, na hiyo tunaitaka karibu na 0.7.

Tuseme spika ya inchi 3 ina Fs 100, Vas lita 1.5 na Qts 0.45, na boksi lako ni la lita 1. Kipeuo ni 1.58. Masafa yanapanda hadi hezi 158, Q inakuwa 0.71. Hiyo ni safi, japo usitegemee itikise madirisha. Chukua nyingine yenye Fs na Vas zilezile ila Qts yake ni 0.9. Ndani ya boksi hilohilo Q inafika 1.42, yaani kunazuka nundu ya sauti ya desibeli 3 na nusu hivi, maneno ya mtangazaji yanavuma kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Na ukubwa wa boksi hauiokoi: 0.9 tayari imepita 0.7, na boksi lililofungwa kazi yake ni kuipandisha tu, hata liwe kubwa kama kabati la nguo. Spika ya namna hiyo ifunge kwenye ubao ulio wazi nyuma, au iache dukani.

Fs ndogo nayo isikuvutie peke yake. Spika ya inchi 4 yenye Fs 60, Vas lita 6 na Qts 0.35 inaonekana bingwa wa besi, lakini kwenye boksi la lita 2 inapanda hadi hezi 120. Bado inaishinda ile ya inchi 3, ila si kwa kiasi ulichokitarajia. Ukiweza kuipa lita 4 hivi na bomba la kupitisha hewa lililopimwa vizuri, itashuka zaidi, kwa kuwa Qts za kati ya 0.3 na 0.4 huelewana na maboksi yenye bomba. Kumbuka pia koni ndogo ina safari fupi. Ukitaka kiwango kilekile cha sauti kwenye nusu ya masafa, koni lazima isogee mara nne zaidi, na ikifika mwisho wake utasikia inagonga.

Na spika isiyo na karatasi, ile iliyotolewa kwenye televisheni mbovu? Fs na Vas unaweza kuzipima mwenyewe. Pitisha sauti ya programu ya simu inayotoa mlio wa masafa moja kwenye amplifaya, unganisha rezista ya omu 100 kwa mfululizo na spika, kisha pima volti za AC kwenye ncha za spika huku ukipandisha masafa polepole. Volti zinapofika kilele, hapo ndipo Fs. Halafu ikandamize spika juu ya kopo gumu la ujazo unaoujua, ziba pembeni kwa plastisini, rudia kipimo. Ikiwa kopo ni la lita 1 na kilele kimehama kutoka hezi 140 hadi 210, uwiano ni 1.5. Uzidishe kwa wenyewe, toa 1, unabaki na 1.25, yaani Vas ni takriban lita moja na robo.

Pima zote mbili za kushoto na kulia. Spika za bei hiyo zilizotoka kwenye katoni moja mara nyingi hazilingani, na ukinunua tatu au nne utaweza kuchagua mbili zinazokaribiana.