Kabla ya Kuanza Mazoezi, Pima Unavyoinuka Kitini

Wengi waliovuka miaka 60 huuliza watembee umbali gani kwa siku. Kwangu mimi swali la kwanza ni jingine: miguu yako leo ina nguvu kiasi gani? Kipimo kimojawapo tunachokitegemea sisi wataalamu wa fiziotherapia hakihitaji mashine.

Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Sofa haifai, inabonyea. Kiti cha plastiki nacho huyumba. Keti katikati, nyayo zote chini, mikono ipishane kifuani. Msaidizi akisema anza, simama wima kabisa, keti, simama tena, hadi sekunde 30 ziishe. Yeye ahesabu mara ulizosimama. Ukijisukuma kwa mikono, matokeo ni sifuri.

Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanaume akipata chini ya 14, au mwanamke chini ya 12, yuko chini ya wastani, na hatari ya kuanguka inaongezeka. Kwa miaka 70 hadi 74, viwango ni 12 na 10.

Idadi peke yake hainitoshi. Namtazama mtu anavyoinuka. Magoti yakiingia ndani, mara nyingi misuli ya nyonga imelegea. Visigino vikinyanyuka, huenda vifundo vya miguu vimekaza. Anayejirusha mbele ndipo asimame, aghalabu mapaja yake hayana nguvu ya kutosha. Watu watatu wanaweza wote kupata 9, na kila mmoja akahitaji zoezi lake.

Mwenye mapaja dhaifu simpi vyuma. Namwongezea mto mgumu juu ya kiti, ainuke mara 8, apumzike, arudie mizunguko miwili au mitatu, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Ikishakuwa rahisi, mto unaondolewa. Kutembea kuendelee, lakini kutembea pekee hakumrudishii mtu nguvu ya kuinuka.

Usijipime ukiwa peke yako. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana, acha hapo hapo uende hospitali. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza.

Rudia kipimo baada ya wiki 6, kwa kiti kile kile na viatu vile vile. Kiti kikiwa kifupi kidogo tu, kazi ya mapaja huongezeka, na huwezi tena kulinganisha matokeo.