Wiki moja baharini kutazama papa: maswali na majibu ya afya

Katika Bahari ya Shamu, upande wa Misri, kuna miamba inayopitiwa na papa wakubwa: visiwa viwili vya Brothers, Daedalus na Elphinstone. Brothers na Daedalus ziko mbali na pwani, kwa hiyo wazamiaji hulala botini wiki nzima, wakiondokea Hurghada au Port Ghalib, na kuzama mara tatu au nne kwa siku. Maswali haya yanafaa kujibiwa kabla hujalipa.

Je, papa hawataniuma?

Hili ndilo kila mtu huanza nalo, na kwa uzito ndilo la mwisho. Dunia nzima, wanaoumwa na papa bila kumchokoza kwa kawaida hawafiki 100 kwa mwaka. Misri ina visa vyake: Desemba 2010 huko Sharm el-Sheikh na Juni 2023 huko Hurghada, waliouawa walikuwa waogeleaji wa juujuu, si wazamiaji wenye mitungi.

Wa kumheshimu ni papa wa bahari kuu mwenye mapezi marefu yenye ncha nyeupe, anayeonekana zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Huyu hana haya. Atakuzunguka, atakusogelea, atarudi tena. Mkabili kwa macho, geuka kila anapogeuka, baki na wenzako, na mpande pamoja bila papara. Usiogelee kwa starehe kando ya boti. Papa mbingusi, wale wenye kichwa kama nyundo, wanaofuatwa sana Daedalus majira ya joto ya Misri, kwa kawaida ni waoga na mapovu yako huwakimbiza.

Sasa kinachowaumiza wazamiaji ni nini?

Naitrojeni. Unapovuta hewa ya mtungi chini ya maji, shinikizo huisukuma gesi hii iyeyuke katika damu na misuli. Ukipanda polepole, hutoka kupitia mapafu. Ukipanda haraka, hugeuka mapovu humo humo mwilini: bega au kiwiko huuma, ngozi hutoka mabaka, mikono hufa ganzi, kichwa huzunguka, na kisa kibaya zaidi huishia kwenye kupooza. Dalili nyingi huanza ndani ya saa chache, nyingine huchelewa hadi siku ya pili.

Safari ya boti huongeza hatari hii kwa sababu mizamo hufuatana. Usiku mmoja hautoi naitrojeni yote, hivyo siku ya nne unaingia majini ukiwa na akiba ya siku tatu. Ongeza jua, chumvi na maji machache ya kunywa. Kisha anatokea papa mbingusi mita kumi chini yako, na mtu mzima mwenye akili zake anamfuata hadi mita 45 akiwa ameshika kamera. Misri inaruhusu mzamiaji wa kawaida mita 40 tu. Ukimkosa, umemkosa.

Siku ya katikati pumzika mzamo mmoja. Simama dakika tatu hadi tano kwenye mita tano kila unapopanda, hata kama kompyuta ya uzamiaji unayoivaa mkononi haikudai. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe, pombe iache.

Nikipata dalili hizo?

Sema mara moja. Aibu imewacheleweshea wengi matibabu: wanadai ni uchovu, au walilala vibaya. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni safi kwa barakoa, anywe maji kama yuko macho na anameza vizuri, kisha apelekwe kwenye chumba cha shinikizo, ambamo mwili hurudishwa kwenye shinikizo kubwa ili mapovu yapungue. Vipo pwani, Hurghada na Marsa Alam. Asirudishwe majini ati mapovu yayeyuke. Kutoka Daedalus hadi pwani ni saa kadhaa, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza boti ina oksijeni ya kutosha safari hiyo yote. Bima iwe inataja uzamiaji na matibabu ya shinikizo kwa jina.

Wanasema hewa yenye oksijeni nyingi ni salama zaidi.

Hupunguza naitrojeni, ndiyo. Lakini mchanganyiko wa asilimia 32 una kikomo cha mita 33 hivi. Chini ya hapo oksijeni yenyewe yaweza kuleta degedege, na degedege majini ni kufa maji. Pima mtungi wako mwenyewe.

Nimemaliza kozi mwezi uliopita. Niende?

Hapana. Miamba hiyo ya mbali ni mbuga za bahari, nazo hudai mizamo 50 iliyoandikwa, na mikondo ya huko haina subira na mgeni.

Nina presha, na nimevuka miaka 50.

Muone daktari wiki kadhaa kabla, si siku ya kufunga mizigo. Sehemu kubwa ya vifo vya wazamiaji wa umri huo inatokana na moyo, uliochoshwa na kupambana na mkondo. Pumu na kisukari navyo vinahitaji daktari anayeelewa uzamiaji. Mjamzito asizame kabisa. Usidanganye kwenye fomu ya afya.

Bahari ikinilevya?

Dawa nyingi za kichefuchefu husababisha usingizi, kwa hiyo ijaribu nyumbani kwanza. Chagua chumba cha katikati ya boti.

Mafua kidogo tu?

Usizame. Dawa ya kuzibua pua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hunaswa ndani ya sikio wakati wa kupanda, na maumivu yake hayasemeki. Kila baada ya mzamo suuza masikio kwa maji ya kunywa yasiyo na chumvi, yakauke.

Na boti yenyewe?

Mimi ningeiogopa kuliko papa. Novemba 2024 boti ya wazamiaji ya Sea Story ilizama karibu na Marsa Alam, na watu walikufa. Usiku wa kwanza tafuta njia mbili za kutoka chumbani kwako, uzipite kwa miguu. Uliza nani anakesha. Usichaji betri za taa na kamera chumbani ukiwa umelala, zisije kuwaka moto.

Nipande ndege lini?

Baada ya saa 18 angalau tangu mzamo wa mwisho. 24 ni bora. Shinikizo la ndani ya ndege ni dogo kuliko la ardhini, na naitrojeni iliyobaki yaweza kutoa mapovu angani.

Natoka Tanga. Kuna la ziada?

Mawili. Beba cheti cha homa ya manjano, uwe umechanjwa siku 10 au zaidi kabla. La pili ni malaria. Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa haina malaria Oktoba 2024, kwa hiyo homa ikikushika botini wenzako watasema ni jua au mafua. Vimelea ulivyoumwa navyo nyumbani huchukua wiki moja au mbili kujitokeza. Mwambie nahodha, na daktari wa kwanza utakayemuona, kwamba umetoka kwenye malaria na unataka kipimo siku hiyo hiyo.